Shemeji Anataka Mlima wa Umeme

Jamani, mimi nakaa Igogo, Mwanza, juu kabisa kwenye mawe, kule ambako bodaboda anakushusha njiani na kukwambia, "Mzee, hapo malizia mwenyewe." Mgeni akifika kwangu hawezi hata kusalimia mpaka akae kwanza, ahemee. Sasa ndani ya nyumba hiyohiyo, shemeji yangu ameamua tununue mashine ya kukimbilia, afanye mazoezi ya kupanda mlima.

Eti anajiandaa na altramarathoni. Kilomita 42 za marathoni kwake ni za watoto. Anazitaka kama zile za kuzunguka Mont Blanc huko Ulaya, kilomita kama 170, na vipando vyake ukivijumlisha ni mita 10,000 hivi. Nikamuuliza, "Shemeji, kilima cha Bugando pale umeshawahi kukipanda kwa miguu?" Akasema jua kali. Halafu kuna mbwa.

Madukani kila muuzaji anaimba hospawa, yaani nguvu ya mota. "Hii hospawa nne, mzee!" Ukimbana, hiyo nne ni nguvu ya kilele, ya kufumba na kufumbua. Ulizia nguvu ya kufanya kazi mfululizo, namba inanywea. Kuna aliyetuletea mtumba wa Marekani, bei chee. Kumbe unakula volti 120, na za kwetu ni 230, kwa hiyo na transfoma ununue. Nikamshika shemeji mkono tukatoka.

Mwinuko nao ni kesi. Mashine nyingi za nyumbani zinaishia asilimia 15, yaani ukitembea kilomita moja umepanda karibu mita 150. Shemeji akatoa simu, akapiga hesabu: kuumaliza mlima wake wote wa Ulaya ni kilomita 67 na ushee bila kutoka sebuleni. Akafurahi huyo! Mimi nikawaza uniti za umeme. Mita ina jina langu.

Halafu jamaa ni mrefu. Mkanda mfupi anaukanyaga mwishoni, kwa hiyo tukatafuta wa sentimita 150. Lakini hakuna muuzaji aliyenikumbusha kwamba mashine ikiinua pua, na mtu anainuka nayo. Dari langu fupi, na katikati lina pangaboi. Nilipompandisha pale dukani, nikaweka mwinuko wa mwisho na kupima kwa futi kutoka sakafuni hadi utosini, nikaona kabisa msiba unakuja na kichwa ni cha mtoto wa watu. Tukakubaliana: mashine ikiwaka, pangaboi linazimwa. Joto nalo atalihesabu kama mazoezi.

Kuipandisha nyumbani ilibidi tukodi vijana wa kubeba. Mzigo unapita kilo 100, njia yenyewe unapenya kati ya majabali kwa ubavu. Walipofika nusu wakaitua juu ya jiwe, mmoja akafuta jasho, akauliza, "Mzee, hii inafanya kazi gani?"

"Inampandisha mtu mlima."

Wakatazamana. Wakatazama kule tulikotoka, wakatazama kule tunakokwenda. Bei ikaongezeka hapohapo, na sikuwa na hoja ya kuwapinga.

Sasa imefungwa, inanguruma, majirani wanachungulia. Na shemeji ameshaanza kulalamika: mashine inapanda tu, haishuki, wakati kwenye mbio za milimani kushuka ndiko kunakomaliza mapaja. Nikaingia jikoni, nikamtolea mtungi wa gesi uliokwisha.

"Duka liko kule chini barabarani, shemeji. Kimbia."