Kiha hakimcheleweshi mtoto kuongea
Kuna mwandishi mmoja anayedai watoto wa Kasulu wanachelewa kuongea kwa sababu nyumbani ni Kiha na shuleni Kiswahili. Hapana. Nafundisha darasa la awali huku: mtoto wa lugha mbili huchanganya maneno, basi, baadaye anamshinda mwalimu kwa maneno. Mwenye tatizo la lugha hukwama kotekote, hata akiongea Kiha na bibi yake. Utafiti wa Uingereza wa 2016 ulikuta takriban asilimia 7 ya wanaoanza shule wana tatizo hilo, na huko hakuna Kiha, kwa hiyo tusikisingizie. Kwanza apimwe masikio. Yanayotoa usaha ni mengi na tunayapuuza mno. Wenzangu wa Kigoma mjini, mtoto anayechelewa kuongea mnampeleka wapi, au nanyi mnaambiwa akatwe udata tu, kile kijinyama cha chini ya ulimi?