Mbwa wa baba na ndugu waliobaki

Huku Uingereza watu wanajua kumlilia mbwa. Kwetu magharibi mwa Kenya tunajua kuwapatanisha ndugu. Nimeishi pande zote mbili, na naamini kila upande una la kujifunza kwa mwenzake. Lakini kama ni kuchagua, nachagua kwetu, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na huku. Jirani yangu hapa Leeds, mama mzee anayeishi peke yake, alifiwa na mbwa wake majira ya baridi. Daktari wa wanyama alimdunga mbwa sindano ya mwisho akiwa amelala mapajani mwa mwenyewe. Majivu yakarudi katika kisanduku cha mbao chenye jina, kisha ikaja kadi ya pole iliyotiwa saini na wafanyakazi wote wa kliniki. Kuna shirika linaloitwa Blue Cross lenye huduma ya simu kwa waliofiwa na wanyama wao: unapiga, mtu anakusikiliza unalia. Na si mambo ya juzi. Pale Hyde Park, London, kuna makaburi ya wanyama, na wa kwanza kuzikwa humo ni mbwa aliyeitwa Cherry, mwaka 1881.

Wakenya wenzangu wakisikia haya hutikisa kichwa. Mimi sitikisi. Kiumbe kilichokupokea mlangoni kila jioni kikiondoka, nyumba inabadilika, na mtu ana haki ya kusikitika bila kuchekwa.

Ila jirani huyuhuyu ana kaka yake katika mji huuhuu, na hawajasalimiana tangu mama yao alipofariki. Waligombania nyumba. Nilimuuliza kama hakuna mtu wa kuwakalisha chini. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akaniuliza, "Nani?" Hapo ndipo nilipoielewa nchi hii. Hakuna shangazi mwenye mamlaka ya kuingia kwako bila kubisha na kusema leo hamli mpaka mzungumze. Kuna wakili. Kuna mshauri wa kulipwa kwa saa, naye mara nyingi atakuambia una haki ya kulinda amani yako. Mtu anamkata ndugu yake na marafiki wanampongeza kwa ujasiri. Jambo hili linaniuma kuliko baridi ya Januari, na linaniuma zaidi ninapoona vijana wetu wa huku wameanza kuliiga.

Sasa niwaambie ya nyumbani.

Popi hakuwa mbwa wa kununuliwa. Alikuwa koko wa rangi ya kahawia, sikio moja limekatika, aliyemfuata baba kutoka soko la Malava na kukataa kurudi alikotoka. Kila siku saa kumi na moja jioni alienda steji kumngoja baba. Baba alipofariki na kuzikwa, Popi hakuacha. Alikaa chini ya mti, kando ya vijana wa bodaboda, akiangalia kila matatu iliyotoka upande wa Kakamega. Giza likiingia, kijana mmoja humpakia mbele juu ya tangi na kumrudisha nyumbani. Mama akisikia pikipiki inakata kona husema, "Mwenzangu ameletwa."

Kisha akang'atwa na mbwa asiye na mwenyewe huko kwenye miwa. Wiki zikapita. Siku moja akaacha kunywa maji. Taya la chini likalegea, ute ukawa unaning'inia, na sauti ikageuka, akabweka kama mtu aliyekaukiwa koo. Akamng'ata mkononi mtoto wa kaka yangu, mtoto aliyezoea kummegea ugali wake. Shemeji akaosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, kama alivyofundishwa kliniki. Kaka akampigia ofisa wa mifugo, akaambiwa angoje kesho. Hakungoja. Yeye na majirani wawili walimmaliza Popi kwa marungu nyuma ya boma, kisha akamkimbiza mtoto hospitalini. Mtoto alidungwa chanjo zote za kichaa cha mbwa kwa ratiba yake, na leo ni mzima.

Dada yetu anafundisha Kisumu. Habari aliipata kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp: Popi amekufa, mtoto yuko salama. Alipokuja kujua namna alivyokufa, alimwandikia kaka, "Umemzika baba mara ya pili, tena kwa rungu." Akatoka kwenye kikundi. Krismasi hiyo hakuja.

Hapa ndipo ninapowalaumu watu wetu. Karibu kila mtu alimwambia dada neno moja: ni mbwa tu. Wajomba, majirani, hata rafiki zake wa kanisani. Walidhani wanamtuliza, kumbe wanamsukuma mbali zaidi. Dada hakuwa akililia mkia na masikio. Alikuwa akimlilia kiumbe wa mwisho katika boma lile aliyeendelea kumngoja baba. Na kaka hakuwa na mahali pa kusema kwamba naye anaumia, maana mwanamume gani Malava ataketi aseme usingizi umemkimbia kwa sababu ya mbwa? Ugomvi wao ulikaa muda mrefu kwa kuwa tulikataa kuyaita majonzi yao majonzi.

Tena kaka hakuwa na njia nyingine. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishatokea, kwa mtu au kwa mnyama, hakuna dawa ya kukirudisha nyuma. Huku Uingereza ugonjwa huo ulitokomezwa mwaka 1922, ndiyo maana jirani yangu anaweza kufiwa na mbwa wake mapajani. Kwetu karibu kila mtu anayekufa kwa ugonjwa huo ameupata kwa mbwa, na kinga inajulikana: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo unakatika. Kenya ilianza mpango wake mwaka 2014, ikilenga kukomesha vifo vya watu kufikia 2030, na Kisumu na Siaya zilikuwa miongoni mwa kaunti za kuanzia. Kwa hiyo tofauti kati ya kisanduku cha mbao na rungu haihusu upendo. Inahusu chanjo iliyofika au isiyofika.

Mimi niliyeko mbali niliombwa niamue. Sisi tunaotuma pesa hugeuzwa mahakimu, kila upande ukikutumia ujumbe wa sauti usiku. Nilikataa. Hela ya karo na dawa haimpi mtu kiti cha wazee, na neno linalotoka Leeds huwasili limepoa. Nilimpigia shangazi, dada mkubwa wa baba, nikamwomba aende.

Alienda likizo ya Agosti. Akamwagiza dada aje kutoka Kisumu, na shangazi akiagiza, unakuja. Watu husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, yaani usiingie kati, wataelewana wenyewe. Shangazi haamini hivyo, na mimi pia siamini tena. Aliwakalisha jikoni kwa mama, kuku wakiwa bado motoni, akasema chakula hakitaandaliwa mpaka kila mmoja amzungumzie Popi. Si kosa la nani, ni Popi tu.

Dada alisimulia habari za steji. Kaka alinyamaza sana, mama ananiambia, halafu akasema rungu la kwanza lilikuwa lake. Alilitaka liwe lake, kwa sababu mbwa wa baba hangepigwa kwanza na mkono wa mgeni. Alimchimbia shimo refu peke yake usiku, akamfunika na koti kuukuu la baba. Jambo hilo hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe. Dada akaomba aonyeshwe mahali. Walitoka wawili, wakakaa huko mpaka shangazi akatuma mtoto awaite. Dada ndiye aliyenawisha mikono siku hiyo, na alianza na kaka. Hakuna aliyetamka nisamehe. Hakuna aliyelihitaji neno hilo.

Laiti mtu angemtumia dada pole siku ile ya kwanza, kama kliniki ile ilivyomtumia jirani yangu. Na laiti jirani yangu angekuwa na shangazi.

Sasa kuna mbwa mpya Malava, jike mweusi. Septemba iliyopita, wachanjaji walipokuja sokoni, dada alituma nauli ya bodaboda kutoka Kisumu, kaka akambeba na kumshika mdomo akichomwa. Picha ya kadi ya chanjo aliituma kwenye kikundi, dada akaikuza kusoma tarehe, akaandika kwamba mwaka ujao wasichelewe.