Siti laini haifiki Babati

Mwambie fundi siti yeyote wa Arusha kwamba unataka siti ya pikipiki ya kwendea safari ndefu, na jambo la kwanza atakalofanya ni kukuongezea sponji. Nene, laini, ya kubonyea. Utaikalia palepale kijiweni, utatabasamu, utalipa. Kwa maoni yangu, pesa yako imeanza kupotea hapo.

Mtu akiketi, sehemu kubwa ya uzito wake hubebwa na mifupa miwili iliyo chini ya makalio. Sponji laini huipokea mifupa hiyo kwa upole dakika za mwanzo, kisha huchoka. Inabonyea mpaka mwisho wake, nawe unajikuta umekalia sahani, lile bamba gumu la chini ya siti, kama aliyetandika khanga juu ya zege. Ganzi inaanza, unahamia kalio moja, unarudi jingine, kiuno nacho kinadai chake. Sponji ngumu kiasi haikufurahishi kijiweni, ila saa ya pili bado inakubeba.

Kwa hiyo usiijaribu kwa makalio. Weka goti juu ya siti, ulalie kwa uzito wako; ukiisikia sahani, iache. Sponji ninayoipenda mimi ni ile ya mabaki yaliyosagwa na kugandamizwa, yenye madoadoa ya kila rangi. Ikae chini, na juu yake tabaka jembamba la sponji laini kidogo ili mwanzo wa safari usiwe adhabu. Vipande vya godoro la zamani mwachie fundi mwenyewe.

Wengi hupima siti kwa barabara ya Moshi, na barabara ya Moshi ni shahidi wa uongo. Zile kilomita 80 hivi zimejaa sababu za kusogea: matuta, Tengeru siku ya soko, Usa River, Boma Ng'ombe, trafiki kasimama na mkono juu. Kila ukipunguza mwendo unanyanyuka kidogo, damu inapita, na siti mbovu inapata sifa isiyostahili. Geuka upande wa pili, upite Kisongo uelekee Makuyuni hadi Babati, kilomita 170 hivi. Kuna vipande virefu vilivyonyooka ambako mwili unaganda mkao mmoja na hakuna wa kukusimamisha. Siti hujulikana huko.

Umbo nalo lina maneno. Siti za pikipiki tulizozizoea mjini ni ndefu kwa ajili ya abiria, na sisi tukazigeuza za mshikaki. Anayeendesha hubaki mbele, kwenye wembamba, karibu na tangi. Nyingine zina mteremko, kila ukifunga breki unateleza na kulisukuma tangi kwa mapaja, kisha unajivuta nyuma, mchana kutwa. Mwambie fundi asawazishe mteremko huo na apanue pale makalio yanapokaa, lakini mbele paachwe pembamba miguu ishuke vizuri. Hili ni muhimu hasa kwa sisi wafupi: ukinenepesha siti yote, utafika kwenye taa za barabarani unatafuta ardhi kwa ncha ya kiatu, na mzigo nyuma. Na mshono usipite mahali unapokalia! Mapambo ya nyuzi nyekundu ni mazuri, ayaweke pembeni.

Mito ya jeli siitetei. Ukiiacha juani mchana utaikalia kwa kuruka. Ngozi ya kondoo juu ya siti ni bora zaidi, manyoya yake yanapitisha hewa na jasho halikugandi, na huku kwetu kondoo hawajaadimika. Hakikisha tu imechakatwa vizuri, la sivyo itakunukia hadi Magugu.

Halafu kuna wanaoilaumu siti kwa makosa ya vitu vingine. Kama shokapu zimekufa au tairi limejazwa upepo kupita kiasi, hakuna fundi wa kushona atakayekuokoa. Rekebisha hivyo kwanza. Na ukiwa njiani, simamia vikanyagio mara kwa mara penye usalama, au paki unyooshe miguu. Ni bure.

Kabla kava halijafungwa, simama hapohapo uangalie. Masika ya Machi hadi Mei, maji hupenya kwenye matundu ya mshono, sponji inayanywa, na asubuhi ukikaa suruali inalowa hata kama kava limekauka. Nailoni nzito ya kufunikia ivishwe juu ya sponji, chini ya kava. Nailoni, nasema, asikuletee rambo alilolificha tangu lipigwe marufuku 2019.