Eti Wanatubania

"Wanatubania tu hawa, kaka." Bwana mdogo mmoja wa hapa Ngamiani, Tanga, kaniambia hivyo barazani mbele za watu, kwa sababu pakeji yake (programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa) aliyoipeleka Debian, mfumo huria wa kompyuta unaotengenezwa na watu wa kujitolea, inasubiri mhakiki tangu kabla ya Ramadhani. Wenzake wakaitikia. Mimi nikachefuka.

Nani anakubania? Hakuna ofisi pale yenye karani anayesubiri soda. Mhakiki ni mtu wa kujitolea, ana kazi yake ya mchana, na usiku watoto wakishalala ndipo anafungua kazi ya mtu asiyemjua, bila kulipwa senti.

Nikamwomba anionyeshe hiyo pakeji. Faili la debian/copyright, linalotaja leseni za vilivyomo, limetangaza GPL, leseni ya programu huria, kwa kila kitu, mstari mmoja, kwisha. Kumbe ndani kuna fonti aliyoiokota mtandaoni, na leseni yake inakataza matumizi ya biashara. Debian haipokei kitu cha namna hiyo. Masharti yake yanataka yeyote aweze kutumia, kurekebisha na hata kuuza. Sasa mhakiki aipitishe kwa kuwa wewe ni mtoto wa Tanga?

Mmeshasahau ya xz, ile programu ya kubana mafaili, Machi 2024? Mtu alijifanya mchangiaji mwema kwa miaka miwili hivi. Huku nyuma yakajitokeza majina yasiyojulikana, yakimsakama mtunzaji wa xz aliyekwisha kuchoka: mbona unachelewa, mbona humpi mwenzio nafasi. Maneno yenyewe ndiyo haya ya barazani kwetu! Yule mchangiaji wa uongo akaaminiwa. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu. Sumu ilifichwa kwenye faili za majaribio, nani huzisoma zile, na mstari wa kuiamsha uliwekwa kwenye faili lililobanwa la kupakua tu. Kwenye hazina ya msimbo, ambako watu huchungulia, haukuwepo. Ikapenya hadi Debian ya majaribio. Andres Freund, aliyeigundua, wala hakuwa akiihakiki: aliona ssh, programu ya kuingia kompyuta ya mbali, inachelewa kama nusu sekunde, roho ikamkataa, akachimba. Nusu sekunde, jamani! Halafu mtu ananiambia wahakiki waharakishe.

Haya, wapo wahakiki wenye majibu makavu, anakuandikia neno moja utadhani unadaiwa. Hilo silitetei. Na foleni ni ndefu kweli. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 ina pakeji karibu 70,000, na wanaopenda kutuma ni wengi kuliko wanaopenda kusoma. Hata hapa mjini, kila kijana akijifunza kompyuta anataka jina lake lionekane kwenye programu. Sijakutana na aliyejisifu kwamba wiki hii kasoma kazi ya mwenzake hadi mwisho.

Nikamwambia aitoe ile fonti, kisha wakati anasubiri achukue pakeji ya mtu mwingine anayetafuta mdhamini wa kumpitishia kazi Debian, aijenge kwenye mashine yake, aandike alichokikuta. Hilo halihitaji cheo.

Akaniuliza, "Nikifanya hivyo yangu itatangulizwa?"