Makala bora ya mwanafunzi: tuzo ni ya nani?

STOC, mmojawapo wa mikutano mikubwa ya nadharia ya sayansi ya kompyuta duniani, una tuzo ya makala bora ya mwanafunzi yenye jina la Danny Lewin. Lewin alikuwa mwanafunzi wa uzamivu pale MIT, chuo kikuu cha Marekani, na mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Akamai. Alifariki tarehe 11 Septemba 2001, akiwa ndani ya ndege ya kwanza kugonga minara ya New York. Sharti la tuzo hiyo ni fupi: waandishi wote wawe wanafunzi. Akiwemo profesa hata mmoja, makala haishindanishwi.

Sasa itazame makala iliyompatia Lewin jina. Ilitoka STOC hiyohiyo mwaka 1997, ikieleza namna ya kuzigawia seva nyingi mzigo wa kurasa za intaneti bila kuvuruga mpangilio mzima kila seva moja inapoongezwa au kuzimika. Akamai ilisimama juu ya wazo hilo. Waandishi wake ni 6, na kati yao Tom Leighton na David Karger walikuwa walimu wa MIT. Kwa hiyo makala maarufu kuliko zote za Lewin isingestahili tuzo ya Lewin.

Wanaolitetea sharti hili wana hoja nzito. Makala yenye jina la mwanafunzi na la msimamizi wake haikwambii nani alipata wazo, nani alikesha na hesabu, na nani alisoma rasimu mara moja akarekebisha alama za uandishi. Mikutano mingi ya uhandisi huridhika mwanafunzi akiwa mwandishi wa kwanza na akiwasilisha mwenyewe. Ila kwenye maabara kubwa mpangilio wa majina ni jambo la kukubaliana tu, na msimamizi mwenye kuitaka tuzo anajua jina la nani litangulie.

Yupo pia anayesema kwamba bila tuzo mwanafunzi humezwa kabisa, naye hakosei. Mwaka 1968 mwanasosholojia Robert Merton alichapisha katika jarida la Science makala iliyotumia aya ya Injili ya Mathayo, “kila mwenye kitu atapewa, na kuongezewa tele”, kueleza jinsi sifa za kisayansi zinavyomfuata aliyekwisha kuwa na jina. Wawili wakiandika pamoja, msomaji humkumbuka anayemfahamu. Makala hiyo ilitegemea mno mahojiano ambayo Harriet Zuckerman alikuwa amewafanyia washindi wa Tuzo ya Nobel kwa ajili ya utafiti wake wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Columbia. Ilitoka na jina moja tu, la Merton. Baadaye alikiri kwa maandishi kwamba ilistahili kubeba majina yote mawili. Ikiwa mwenye nadharia yenyewe ilimponyoka, msimamizi wa kawaida tutegemee nini kwake?

Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anayeomba nafasi ya utafiti nje hana barua ya profesa anayejulikana na kila mtu. Mstari mmoja kwenye wasifu wake, kwamba jopo la watu wasiomjua liliichagua kazi yake, unaweza kumfungulia mlango ambao alama za darasani hazikuufungua. Hii ndiyo faida kubwa ya tuzo hizi, na mimi sioni ya kuizidi.

Lakini jopo linajua linachokichagua? Mwaka 2014 mkutano mkubwa wa akili mnemba wa NIPS, ambao leo huitwa NeurIPS, ulijipima wenyewe: makala 166 zilipelekwa kwa kamati mbili zisizowasiliana. Kamati hizo zilitofautiana kwenye makala 43, na zaidi ya nusu ya zilizokubaliwa na kamati moja zilikataliwa na nyingine. Huo ni uamuzi wa kupokea au kukataa tu. Kuchagua moja kati ya tano nzuri ni kugumu zaidi. Mwaka 2009 Bartneck na Hu walipochambua makala za CHI, mkutano wa utafiti wa jinsi watu wanavyotumia kompyuta, walikuta zile zilizotambuliwa na kamati ya tuzo hazikunukuliwa zaidi ya makala zilizookotwa tu kutoka miaka hiyohiyo. Manukuu si mizani kamili ya ubora, najua, ila matokeo hayo yanapunguza kiburi cha kamati.

Na hapo hatujagusa ratiba. Anayewasilisha saa mbili na nusu asubuhi husikilizwa na jopo zima. Wa baada ya chakula cha mchana huweza kukuta mwamuzi mmoja amewahi ndege na mwingine yuko mlangoni anampokea mgeni rasmi. Kuna hata asiyefika: mwaka 2018 watafiti wengi wa Kiafrika walinyimwa viza za Kanada, wakakosa shughuli za Black in AI, kundi la watafiti weusi wa akili mnemba, zilizofanyika Montreal sambamba na NeurIPS. Mkutano mwingine wa akili mnemba, ICLR, ulipofanyika Kigali mwaka 2023, tatizo la viza lilipungua kwa wengi wa kwetu, lakini kwa mwaka mmoja tu.

Sharti la STOC lisichukuliwe zima likaletwa huku. Wananadharia huweza kuandika wawili kwa kalamu na ubao. Anayetafiti malaria vijijini anahitaji maabara, kibali cha maadili na watu wa kukusanya sampuli, na majina 15 kwenye makala yake si udanganyifu. Deep Learning Indaba, mkusanyiko wa Waafrika wa akili mnemba, una tuzo ya Kambule, iliyopewa jina la mwalimu wa hisabati wa Soweto, nayo hupewa tasnifu ya uzamivu. Napendelea njia hiyo, kwa sababu tasnifu ina mwenyewe mmoja. Ubaya wake ni kwamba hufika mwanafunzi akiwa amekwisha kuhitimu, wakati aliyeko mwaka wa pili ndiye anayehitaji nauli na moyo.

Basi tuzo ya makala ibaki, majina ya wasimamizi yaruhusiwe, na pesa ya hundi ile kubwa ya karatasi ngumu ya kupigia picha igawiwe wale watano waliofika hatua ya mwisho kama nauli ya mkutano unaofuata. Fomu ya kueleza nani alifanya nini siiamini sana, maana mwanafunzi anayesubiri kusainiwa tasnifu atajaza atakavyoambiwa. Ninachokiamini ni dakika kumi za maswali, msimamizi akiwa nje ya chumba: kwa nini ulichagua sampuli hii, ni njia gani uliijaribu ukaiacha, jedwali la tatu ulilipataje.