Umeme unapita pembeni, na pembeni ndo kunakoliwa kwanza

Anko wangu ni fundi simu Kariakoo. Juzi nimepita kumsalimia nikamkuta anasugua bodi ya simu kwa mswaki na spiriti, imeota kutu ya kijani kuzunguka sehemu ya chaji, akaniambia "we anko, hewa ya huku ina chumvi, simu inaanza kuliwa pembeni, katikati bado nzima kabisa lakini ndo haiwaki tena". Nilikaa kwenye kile kibenchi nikawaza sana maana alichosema ndo hichohicho kinachonisumbua kwenye mahesabu ya kompyuta ninayofanya usiku, jinsi umeme unavyopita kwenye tepe za fosforini.

Kwa ambaye hajawahi kuisikia: kuna kitu kinaitwa fosforasi nyeusi, mwanafizikia Mmarekani Percy Bridgman aliipata 1914 kwa kuikandamiza fosforasi nyeupe kwa presha kubwa, ni elementi ileile iliyoko kwenye fosfeti inayochimbwa Minjingu kule Manyara kwa ajili ya mbolea. Ikakaa miaka mia bila kelele nyingi mpaka 2014 watu walipoanza kuibandua matabaka membamba sana na kutengenezea transista, zile swichi ndogo za umeme zilizo ndani ya chipu. Tabaka moja ndo fosforini. Grafini, yani tabaka moja la kaboni, haina pengo la nishati (nishati ambazo elektroni haziruhusiwi kuwa nazo) kwa hiyo transista yake haizimiki vizuri, hii inalo, donge nene la fosforasi nyeusi lina kama elektronivolti (kipimo kidogo cha nishati) 0.3 na ukibaki na tabaka moja linapita 1.5.

Sasa ukikata tabaka hilo likawa utepe mwembamba, ukingo wake ukiwa wa zigizaga, linatokea jambo zuri mno. Ndani ya lile pengo ambamo elektroni haitakiwi kuwepo inajitokeza njia, tena iko pembeni tu, ukingo huu na ukingo ule. Katikati kumefungwa. Mwanafizikia Mjapani Motohiko Ezawa alilieleza hili 2014 na mimi napenda maelezo yake kwa sababu ni mepesi: atomu zimeunganishwa kwa viungo vya aina mbili kuu, kimoja nguvu yake ya kurukisha elektroni kutoka atomu hadi atomu ni elektronivolti 1.22 na kingine 3.665, na kwa kuwa cha pili kinazidi mara mbili ya cha kwanza basi ile njia ya pembeni inajitenga kabisa na umati wa katikati. Namba tano tu zinatosha kuandika modeli nzima, wengine wanadhani lazima uwe na maabara ya mabilioni!

Na njia moja kama hiyo, ikiwa safi, ukinzani wake ni kama kilo-omu 12.9, uwe utepe mfupi au mrefu ni uleule. Nilipoona grafu yake mara ya kwanza, uwezo wa kupitisha umeme ukipanda kama ngazi kila njia mpya inapofunguka, ilikuwa saa nane usiku na nilitamani kumwamsha mtu.

Lakini hapo kwenye "ikiwa safi" ndo nina neno. Fikiria barabara ya Morogoro imefungwa katikati, bodaboda wanapita pembeni, wengine wanaenda na wengine wanarudi kwenye ukingo huohuo mmoja. Kukiwa na shimo, boda hawezi kukatiza katikati, anageuza anarudi alikotoka. Elektroni za fosforini ziko hivyohivyo, hazina ule ulinzi wa kutogeuka nyuma walionao elektroni za pembeni za vihami-topolojia (vitu vinavyozuia umeme ndani lakini vinaupitisha ukingoni), halafu bendi yenyewe, yani nishati zinazoruhusiwa kwa elektroni hizo, ni bapa, karibu haipandi wala kushuka, kwa hiyo zinakwenda polepole na kila kasoro inazikamata. Na fosforini hewa inaila jamani, oksijeni, unyevu na mwanga vikikutana nayo inaharibika, na pembeni ndo kwenye atomu zenye mikono mitupu, yani viungo visivyoshika atomu nyingine. Hata haidrojeni ikijishika pale, hesabu zinaonyesha utepe unageuka kutoka metali kuwa semikonda, yani pengo linarudi, njia yako imeondoka.

Kwa hiyo mi naona tunakosea tukianza na ukingo ulionyooka kama rula, tukachora ngazi nzuri tukafurahi, kasoro tukaziacha za mwisho. Ingekuwa kinyume. Tepe za kweli zipo tayari, watafiti wa University College London walitangaza 2019 wamezipata kwa kuingiza lithiamu katikati ya matabaka, upana nanomita 4 mpaka 50, urefu mpaka maikromita 75. Hebu hesabu ni atomu ngapi hizo za pembeni kwenye utepe mmoja, na zote unataka ziwe zimekaa sawa?

Mimi tangu siku ile ya Kariakoo nimebadilisha, naanza kwa kung'oa atomu ovyoovyo kwenye ukingo ndo nahesabu mkondo, na ngazi inavunjikavunjika mapema kabisa. Kama kuna mwanafunzi wa fizikia hapa Dar anataka tufanye wote aseme, faili nampa, laptop yenye ramu ya GB 8 inatosha.