Dijei anayeanza Unguja: programu ya mwalimu au ya bure?

Kijana wa Ng'ambo anayetaka kuwa dijei huwauliza wakubwa wake swali hili kabla ya yote: nianze na programu gani ya kuchanganyia nyimbo kwenye kompyuta? Wengine humwambia ashike ileile ya dijei anayemfunza. Wengine humwambia apakue ya bure, pesa aweke akiba ya spika.

Wa kwanza wana hoja nzito. Mkubwa wako akikuachia meza harusini ili akale, huna muda wa kutafuta vitufe. Na ukiitwa kwenye hoteli ya Nungwi au Kendwa iliyofunga pleya za Pioneer, mwenye flashi iliyoandaliwa kwa rekordbox, programu inayoendana na pleya hizo, atakuta alama alizoweka kwenye nyimbo na orodha zake zinamsubiri. Kuandaa flashi kwa rekordbox hakulipiwi. Serato, programu nyingine ya madijei, nayo ina toleo la bure, Serato DJ Lite.

Upande wa pili unaitaja zaidi Mixxx, na mimi naupenda upande huu. Ni ya bure moja kwa moja, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, inarekodi miksi yako, na inazitambua kontrola nyingi, yaani zile meza za vitufe zinazounganishwa na kompyuta. Pia inaweza kusoma flashi za rekordbox, kwa hiyo kuanza nayo hakukufungii njia. VirtualDJ ni ya bure kwa mazoezi ya nyumbani, ila kwa kazi ya malipo inataka leseni. Hapo ndipo vijana wengi huteleza wakaweka ya wizi. Inaniuma, kwa sababu dijei anakula kwa jasho la wasanii. Aanzeje kazi kwa kumwibia fundi mwingine? Tena programu iliyochezewa huweza kuingiza virusi, ikakuangusha wakati bibi harusi anaingia.

Lakini jambo ambalo wabishi wa pande zote hulipita haraka ni muziki wetu wenyewe. Kitufe cha kulinganisha mapigo, kile kinachofanya nyimbo mbili ziende kwa kasi moja, kinategemea wimbo uende kwa mwendo mmoja. Taarab haiendi hivyo. Kundi kama Culture Musical Club, lililoanza 1958, hupiga fidla na ganuni kwa kusikilizana, na mwendo hupanda na kushuka kwa namna wanavyojisikia. Programu ikichora mistari yake ya mapigo juu ya wimbo huo, kufikia ubeti wa tatu mistari imeshahama. Kina mama wamesimama kutunza, wewe unataka kuuzungusha ubeti usikatike, na mzunguko unaruka. Rekordbox ina uchambuzi wa mapigo yanayobadilika. Kwenye Mixxx unaondoa alama kwenye chaguo linalochukulia mwendo haubadiliki. Singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, nayo hupita mapigo 200 kwa dakika, na programu huweza kuisoma kwa nusu. Itabidi uzidishe mara mbili mwenyewe.

Kwa hiyo asiye na mwalimu ningemwambia aanze na Mixxx, kitufe cha kulinganisha akizime miezi ya mwanzo, alinganishe kwa sikio. Mwenye mwalimu afuate ya mwalimu, maana mtu wa kukukosoa pale pale ana thamani kuliko programu yoyote. Na kabla ya kulipia chochote, pakia taarab moja ya zamani ya dakika kumi, weka alama mwanzo, kati na mwisho, usikilize kama mapigo bado yako mahali pake.